Piano ya klasiki kwa wapendanao: ninavyoiuza Mbeya na Iringa (uzi mrefu, karibuni)

Mleta uzi

Kamwene wa Iringa, ugonile wa Tukuyu, na wengine wote habari za jioni.

Mimi ni mpiga kinanda. Nimekulia Iringa, kinanda nimejifunzia kanisani, sasa naishi Mbeya na riziki yangu ni muziki wa sherehe. Huu ni mwaka wa tatu nahangaika na bidhaa ambayo wengi waliniambia huku haitauzika: piano ya klasiki, yaani kina Chopin, Liszt, Schumann na Debussy, ipigwe kwa ajili ya wapendanao. Harusi, send-off, posa, maadhimisho ya ndoa, chakula cha jioni cha watu wawili. Naandika kwa sababu huku kwetu kwaya zimejaa vijana wenye mikono mizuri, na wengi hawajui kwamba mikono hiyo inaweza kuwalisha.

Nianze na siku niliyoharibu.

Send-off Mwanjelwa, mwezi wa saba, baridi ile ya Mbeya inayowafanya kina mama wajifunge kitenge juu ya sweta na sweta lenyewe liko juu ya gauni. Niliambiwa nipige "kitu cha mahaba" wageni wakiwa wanakaa. Nikaanza na sehemu ya kwanza ya Sonata ya Mbalamwezi ya Beethoven, maana ukitafuta mtandaoni piano ya mapenzi, hiyo haikosekani mbele. Dakika mbili hazijaisha, shangazi yake bibi harusi akaja mpaka nilipo, akainama, akaniuliza kwa sauti ya chini: "Baba, kuna msiba?" Alikuwa na hofu ya kweli. Simu ilikuwa mkononi tayari, anataka kupiga nyumbani.

Swali lile nililala nalo. Kwetu kinanda kikilia peke yake, taratibu, bila mwimbaji, basi ama ibada bado haijaanza ama kuna mwenzetu amelala ndani ya jeneza. Redioni nako muziki wa ala wa pole tumeuzoea siku za maombolezo. Na shangazi alikuwa na sikio zuri kunishinda mimi, kwa sababu sehemu ile kweli ni ya huzuni. Beethoven mwenyewe hakuiita mbalamwezi. Alipoichapisha mwaka 1802 aliiita tu sonata yenye mwendo wa fantasia, akaiandikia jina la binti aliyekuwa mwanafunzi wake, Giulietta Guicciardi. Aliyeleta mbalamwezi ni mhakiki Ludwig Rellstab, anayesemekana aliifananisha na mwezi unaomulika Ziwa Lucerne kule Uswisi. Jina likashika, nota zikauzwa nalo, na mimi miaka karibu mia mbili baadaye nikanunua jina bila kuonja kilichomo. Mwenye kutaka kuihakikisha aiache sonata hiyo iendelee mpaka sehemu ya tatu wakati watu wanakula. Ni dhoruba tupu.

Kwa hiyo biashara hii ya kuivisha piano nguo za mapenzi ina umri. London palikuwa na mchapishaji mmoja, Wessel, aliyekuwa anauza nota za Chopin. Chopin anaandika "Nocturnes, Opus 9", yaani vipande vya usiku, kazi namba 9, basi. Wessel akaona hiyo haiuzi, akabandika "Minong'ono ya Mto Seine". Chopin alikasirika kwelikweli. Mwaka 1841 alimwandikia rafiki yake Fontana kwamba kama Wessel amepata hasara kwenye kazi zake, basi ni kwa sababu ya majina ya kijinga aliyoyaweka hali ameshakatazwa. Barua hiyo naikumbuka kila ninapoandika tangazo.

Mozart naye. Koncherto yake ya piano (piano pamoja na okestra) namba 21 ni ya mwaka 1785. Mwaka 1967 ikatoka filamu ya Kiswidi, Elvira Madigan, iliyotumia sehemu ya pili ya muziki huo, ile ya polepole, na tangu hapo majalada ya sahani za santuri yakawa yanaiita koncherto hiyo kwa jina la filamu. Watu wakanunua kama muziki wa wapenzi. Ila wapenzi wale kwenye filamu wanakufa wote wawili mwishoni. Mimi sehemu ile ya polepole naipenda mno na naipiga, lakini kwenye harusi ya watu siitaji jina la filamu.

Na kabla ya hayo yote kulikuwa na Liszt. Alipokwenda Berlin majira ya baridi ya 1841 na 1842, wanawake waligombania leso na glovu zake, mpaka mshairi Heinrich Heine akauundia ugonjwa huo jina. Liszt alikuwa anakiweka kinanda ubavu ili ukumbi umwone uso na mikono. Hilo nimelichukua. Usikae umewapa watu mgongo, na usijifiche nyuma ya spika.

Sasa nirudi Mbeya.

Kitu cha kwanza nilichobadilisha ni neno. Siku hizi ukisema "piano" hapa mjini kijana anasikia amapiano ya Afrika Kusini, ile inayogonga kifua. Katibu wa kamati fulani ya Mbalizi alinipigia: "Kaka tumesikia unapiga piano, tunataka itufikishe alfajiri." Tukakubaliana bei. Zimebaki siku nne ndipo nikagundua kila mtu anazungumzia kitu chake. Siku hizi nasema "kinanda cha taratibu, ala tupu". Kwa waliovuka arobaini nasema "kama blues zile za disko, ila hakuna anayeimba", na wananielewa papo hapo. Hao ndio waliosubiri taa zipunguzwe.

Halafu nikajiuliza nauza nini hasa. Sikio letu sisi linafuata maneno. Taarabu, bolingo, zilipendwa, bongofleva, kwaya, kote utamsikia mtu akisema "hebu sikiliza anavyosema". Wimbo wa mapenzi kwetu ni barua iliyoandikwa na mwingine, wewe unaitia saini na kumpelekea mwenzio. Piano haina barua. Mwanzoni niliona hilo ni pengo, nikawa naliziba kwa mishumaa: tangazo langu lilikuwa na ua jekundu na glasi mbili za mvinyo. Simu haikulia. Watu wa Soweto ya hapa Mbeya na Uyole wanapendana bila glasi za mvinyo, picha ile haikuwa yao. Ilinichukua muda kuona kwamba pengo lenyewe ndiyo bidhaa. Pasipo maneno ya mwimbaji, wawili wanaweza kuweka ya kwao. Nikafuta ua, nikaandika: "Muziki unaowaacha muongee." Simu zikaanza.

Kwa hiyo kwenye harusi siuzi usiku mzima, nauza saa. Kuingia maharusi si saa yangu. Pale ni matarumbeta na vigelegele, na ukipiga Chopin utakuwa umewanyima ndugu furaha waliyoichangia. Kukata keki ni ya DJ. Saa yangu ni chakula. Foleni ya mchele wa Kyela na kuku inachukua kama dakika arobaini, MC anapumzika, na kwa kawaida muziki unabaki kwenye sauti ileile ya kuchezea, wageni wanazungumza kwa kupiga kelele masikioni. Hapo naomba spika zishushwe, nacheza mimi. Tazama meza kuu. Maharusi wale tangu asubuhi hawajazungumza wao kwa wao hata kidogo, wamekuwa wa mpiga picha na wa MC. Sauti zikishuka wanageukiana. Mara ya kwanza kuliona hilo, bibi harusi alivua kiatu kimoja chini ya meza, akamnong'oneza mumewe kitu, mume akacheka mpaka akaweka kijiko chini. Mwenyekiti wa kamati alikuwa anawaangalia kama mimi. Miezi miwili baadaye alinichukua kwenye send-off ya binti yake.

Kipande kinachonipa mkate ni Nocturne namba 2 kwenye Opus 9 hiyohiyo ya Chopin. Mapigo ni 12/8: kushoto besi moja kodi mbili (kodi ni nota kadhaa zinazopigwa pamoja), besi moja kodi mbili, kama mama anayempigapiga mtoto mgongoni. Mwendo huo wa tatu-tatu mtu wa huku hafundishwi, umo kwenye ngoma zetu. Tatu-tatu zimo pia kwenye Mbalamwezi ya Beethoven, ila ile ni maina, ngazi ya sauti yenye huzuni, na wimbo wake hausogei, ndiyo maana shangazi alisikia jeneza. Ya Chopin ni meja, ngazi iliyochangamka, na juu kuna wimbo unaoimbika, unaorudi kila mara ukiwa umeongezewa mapambo. Watu wanautambua unaporudi. Nimewasikia wakina mama jikoni wakiuvumisha wakiosha sahani.

Nitaendelea na habari ya baridi, mvua na umeme. Karibuni kwanza.

Mdau wa Njombe

Mkuu heshima. Swali la kibiashara. Kwa nini usiyape majina ya huku? "Penzi la Rungwe", "Usiku wa Tukuyu". Mteja atakumbuka kuliko hizo opus.

Mleta uzi

Nilishafikiria, na sitaki. Chopin alikataza akiwa hai, sasa hayupo wa kukasirika, basi angalau mimi nikumbuke. Halafu kuna sababu ya mfukoni. Bibi harusi akiupenda muziki atautafuta. Nikimwambia "Usiku wa Tukuyu" hataupata popote, nikimwandikia jina lenyewe ataupata na atakumbuka ni mimi niliyempa. Ninachofanya ni kuweka kikadi mezani: jina la kipande, mtunzi, na mstari mmoja wa Kiswahili unaosema kinahusu nini. Mstari huo ndiyo tangazo langu, na uwe wa kweli.

Nitoe mfano. Liebestraum namba 3 ya Liszt iko kwenye kila mkusanyiko wa piano ya mapenzi, jina lenyewe ni "Ndoto ya mapenzi". Ilianza kama wimbo wenye shairi la Mjerumani Freiligrath, kisha mwaka 1850 ikachapishwa kwa piano peke yake. Shairi linasema penda kadiri uwezavyo kupenda, maana itakuja saa utasimama makaburini unalia. Niliwahi kuipiga mwaka mzima bila kujua hilo. Nilipojua nikaanza kuwaambia wateja kabla. Kuna bwana harusi huko kwenu Njombe, wazazi wake wote wawili hawapo tena. Nilidhani atasema ondoa. Alinyamaza kidogo, akasema ipigwe wakati anapeleka keki kwa mjomba aliyemlea. Ukumbi mzima ulisimama. Ningeificha maana ya shairi nisingeuza kitu kile.

Dada wa Kihesa

Kaka nimekupenda ulivyoandika. Na kitchen party je? Sisi kule tunacheza, tunafunda, hakuna nafasi ya kinanda cha kimya.

Mleta uzi

Ipo dada, na iko kwenye hadithi. Kwenu Kihesa nimeingia mara moja, nikakaa nje ya pazia, somo akaniita dakika kumi tu. Nikawasimulia Clara na Robert Schumann. Robert alikuwa mwanafunzi wa piano wa baba yake Clara, Friedrich Wieck. Kijana akaomba kumwoa binti, mzee akagoma kabisa. Clara alikuwa mpiga piano mashuhuri kumzidi huyo mchumba. Wakaenda mahakamani kumdai baba ruhusa, mahakama ikawapa, wakafunga ndoa tarehe 12 Septemba 1840, siku moja kabla Clara hajatimiza miaka 21. Robert akampa zawadi ya harusi: nyimbo 26 alizoziita kwa jina la mihadasi, ua ambalo Wajerumani humvika bibi harusi kichwani. Wa kwanza unaitwa Widmung, na Liszt baadaye aliugeuza uwe wa piano.

Dada, nilipofika kwenye "mzee akagoma", ukumbi wote uliguna. Kila mmoja pale ana posa anayoijua iliyokwama kwa baba. Nikapiga Widmung, na hakuna aliyeuliza huu ni muziki wa wapi. Mama mmoja akataka kujua iliishaje, nikasema kweli: Robert aliugua akili, akafa 1856, Clara akabaki na watoto, akawalea kwa kupiga piano huku na huku Ulaya mpaka uzeeni. Yule mama akasema, "Basi huyo ni mwanamke." Akanikodi kwa miaka arobaini ya ndoa ya wazazi wake.

Kwa wazee hao nilipeleka Brahms, Intermezzo ya pili kwenye Opus 118, ya mwaka 1893. Opus hiyo Brahms aliiandikia jina la Clara, mwenyewe akiwa na miaka 60 na Clara amevuka 70. Ni muziki wa watu ambao hawana haraka tena. Mzee alimshika mkewe mkono juu ya fimbo yake, wakakaa hivyo mpaka mwisho.

Mwalimu wa kwaya, Iringa

Mwanangu hongera. Nina vijana watatu wanasoma nota vizuri, wameshiba misa. Vyombo ndiyo tatizo, kinanda chetu kina vibonye 61. Waanzie wapi?

Mleta uzi

Shikamoo mwalimu. Ni watu kama ninyi mliotutoa.

Piano kamili ina vibonye 88, kwa hiyo kwenye 61 kuna vipande vitakatika juu au chini, na ni afadhali kuviacha kuliko kuvikata. Waanze na Träumerei ya Schumann. Imepangwa kwa sauti nne karibu kama kwaya, kijana aliyezoea soprano, alto, tenori na besi ataiona njia. Waambie tu kwamba imo kwenye mkusanyiko wa picha za utoto, wasiitangaze kama ya bibi na bwana. Mimi naipiga wakati wazazi wanashukuriwa. Kisha Gymnopédie ya kwanza ya Satie, ya 1888. Nota chache, lakini inadai uvumilivu, na waliokaa miaka kwenye kinanda cha kanisa wanao.

Kama kuna fedha ya kitu kimoja tu, nunueni pedali. Kazi za Chopin zimeandikwa mkono wa kushoto ukiruka kutoka besi kwenda kodi, na kinachoziunganisha ni mguu. Bila pedali inasikika kama mtu anatembea juu ya kokoto. Na wafundishwe kuiachia kodi inapobadilika, maana mazoea ya kanisani ni kushikilia vidole.

Nota zenyewe zipo bure mtandaoni kwenye maktaba ya IMSLP, watunzi hawa wote wamo.

Sasa nimalizie ya mazingira niliyoahidi. Mbeya tuko juu, kama mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na mwezi wa sita na wa saba vidole vinakufa ganzi kabla hujaanza. Mimi huomba kikombe cha chai ya tangawizi, siyo cha kunywa, cha kushika. Glovu za kukatwa ncha hazinisaidii. Tukuyu shida ni mvua juu ya bati. Nilikubali kazi mwezi wa nne kwenye ukumbi usio na dari, mvua ikaja saa ya chakula, nikawa naona vidole vyangu vinatembea na sisikii kitu. Nilirudisha nusu ya fedha. Kule sasa nauliza dari kwanza, ndipo nauliza tarehe.

Umeme ukikatika, jenereta linawashwa, na jenereta nje ya dirisha linaua Debussy yote. Kinanda changu kinakubali betri kubwa sita, na spika yangu ndogo ina betri ya ndani. Mara mbili umeme umekatika katikati ya chakula nikaendelea bila kusimama, watu wakawasha tochi za simu. Siwezi kupanga jambo lile, lakini kazi nne zimetoka kwenye usiku mmoja kati ya hizo mbili, ule wa Iringa.

Mdau wa Mafinga

Mimi niseme ukweli, naona ni kuiga Wazungu. Tuna zeze, tuna marimba, tuna ngoma za wazee. Mapenzi yetu yahitaji Wajerumani?

Mleta uzi

Ndugu, hoja yako ni ya haki na nimeulizwa na baba yangu mzazi pia. Siji kuondoa chochote. Kwenye harusi ninayoingia mimi matarumbeta yapo, ngoma ipo, kwaya ipo, na mimi nina dakika arobaini ambazo awali zilikuwa kelele. Kinanda chenyewe kimekaa makanisani kwetu vizazi kadhaa, babu zetu wameoana mbele yake. Na mtu akinipatia mpiga marimba mwenye mkono mwepesi, anayeweza kucheza kwa sauti ya chini watu wakila, nitagawana naye kazi kesho. Nimemtafuta.

Mdau wa Mbeya mjini

Hakimiliki ikoje? Mimi napandisha video mtandaoni, nimewekea piano ya kudownload nikapigwa onyo.

Mleta uzi

Tenganisha vitu viwili. Kuna tungo na kuna rekodi. Kwa sheria yetu ya mwaka 1999 tungo inalindwa maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Chopin alikufa 1849, Liszt 1886, Debussy 1918, Satie 1925. Hao tungo zao piga upendavyo. Lakini rekodi ya mpiga piano wa leo ni mali yake na ya kampuni yake, ndiyo iliyokupa onyo. Piga mwenyewe, au chukua rekodi zilizoachwa huru, tovuti ya Musopen inazo. Na hata ukipiga mwenyewe, mitambo ya YouTube huweza kukosea ikadhani ni rekodi ya mtu, kwa hiyo weka video ya mikono yako ukicheza, utaitumia kujitetea.

Usidhani kila cha kale ni cha bure. Rachmaninoff alikufa 1943. Mwaka 1975 Mmarekani Eric Carmen alitoa wimbo wa mapenzi uliotumia koncherto yake ya pili akiamini haina mwenyewe. Ilikuwa bado inalindwa nje ya Marekani, ikabidi akubaliane na warithi kuwalipa.

Kwa biashara ya ukumbini nendeni COSOTA, ofisi ya hakimiliki, mkaulize mapema.

Mdau wa Makambako

Mkuu umesema harusi. Mimi sina ukumbi wala bibi harusi, nina mchumba Dodoma na simu. Hii kitu inanisaidiaje?

Mleta uzi

Umenigusa pale ambapo sasa ndipo napata kazi nyingi kuliko harusini. Salamu za sauti. Mtu anakuja kwenye chumba changu Mwanjelwa, blanketi mbili ukutani na maiki moja, anaongea dakika mbili, mimi napiga chini yake palepale, anaondoka na ujumbe kwenye simu yake. Shilingi elfu tano. Wazo nilipata kwa watangazaji wa redio wa usiku wanaosoma salamu: ala ikiwa chini, sauti ya mtu inakaa juu bila kugombana na mwimbaji.

Wateja wangu wakubwa ni madereva wa malori. Foleni ya Tunduma unaijua, mtu anaweza kukaa siku kadhaa. Wa kwanza alikuja na karatasi aliyoandikiwa na mwenzake, mistari mitamu kweli. Akaanza kusoma, sauti ikagoma. Nikaendelea na Nocturne, simwangalii. Akaikunja karatasi akaiweka mfukoni. Kisha akasema, "Mama watoto. Mahindi yameota?" Akanyamaza muda mrefu, nikaufikisha wimbo mpaka pale unaporudi. Akasema, "Huku usiku ni baridi. Nimevaa lile sweta." Basi. Nikamuuliza turudie, akasema hapana, ndiyo hiyo.

Kwa hiyo wewe wa Makambako usitafute mashairi. Fikiria kitu kimoja ambacho yeye tu atakielewa, kiseme taratibu, halafu nyamaza uache muziki utembee kabla ya kusema cha pili. Usiogope kimya, nitakuwa chini yake. Ukishindwa kufika Mbeya rekodi sauti yako mahali pasipo upepo, simu kiganja kimoja kutoka mdomoni, niandikie ndani ya jukwaa nitaiweka kinanda. Ila kucheza huku mtu anaongea ni bora zaidi, maana nasikia anapovuta pumzi.

Dada wa Kihesa

Na yule mke alijibu nini jamani?

Mleta uzi

Sikumuuliza dada. Alirudi mwezi wa tatu, safari hii bila karatasi, akauliza kama ule wa mwanzo bado ninao, apigiwe huohuo.